Nitampimaje anayedai amevunja RSA kwa mbinu ya kwantamu?

Mdadisi wa Hesabu:
Habari zenu wakuu. Nimesoma andiko la mtu asiye na taasisi wala maabara, anayedai amevunja ufunguo wa RSA (mfumo wa kuficha siri za mtandaoni kwa hesabu) wa biti 2048 kwa simu yake, akitumia mbinu ya kwantamu aliyoibuni mwenyewe. Sipendi kumdharau kwa sababu tu hana shahada, lakini sijui nianzie wapi kupima dai lake. Naombeni msaada.

Fundi Mitambo:
Ndugu yangu, suala la shahada liache kando, na hata kurasa zake za hesabu zinaweza kusubiri. RSA imejengwa juu ya jambo moja: kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni kazi ya kufumba na kufumbua, ilhali kuzipata tena kutokana na zao lake kumeshinda mashine zote zilizopo. Basi tengeneza ufunguo mwenyewe, mpe ile namba ya wazi (zao la tasa zako mbili) yenye tarakimu 617, kisha umwombe vigawo vyake viwili. Akikuletea, utavizidisha kwa kompyuta ya kawaida na kupata jibu papo hapo. Usikubali ajichagulie namba, kwa kuwa vigawo vikikaribiana mno, mbinu ya Fermat ya karne ya 17 inatosha kuvifichua.

Mwalimu wa Fizikia:
Naunga mkono, na naongeza ukubwa wa pengo lenyewe. Mwaka 2001 watafiti wa IBM walitumia kyubiti 7 (kyubiti ni kwa kompyuta ya kwantamu kama biti ilivyo kwa ya kawaida) na kanuni ya kutafuta vigawo aliyoibuni mwanahisabati Peter Shor mwaka 1994, wakaigawanya namba 15 kuwa 3 na 5. Mwaka 2025 Craig Gidney wa Google alikadiria kwamba kuvunja RSA ya biti 2048 kungehitaji kyubiti karibu milioni moja, zikifanya kazi kwa siku kadhaa. Simu haina hata kyubiti moja, na akisema anaziiga kwa programu, kuhifadhi hali kamili ya kyubiti 50 tu kunadai namba zaidi ya trilioni elfu moja.

Hata hivyo, wakubwa nao wapimwe vivyo hivyo. Google ilipotangaza mwaka 2019 kwamba kompyuta yake ya kwantamu imefanya hesabu ambayo ingeichukua kompyuta kuu ya kawaida miaka 10,000, IBM ilijibu kwamba siku mbili na nusu zingetosha.

Mdadisi wa Hesabu:
Nashukuru sana, walimu wangu. Namba nimeshaitengeneza na kumtumia, pamoja na ombi la vigawo pekee bila maelezo. Akijibu nitaviweka hapa ili kila mmoja avizidishe mwenyewe.