Nimepandikizwa figo miezi minne iliyopita: nitarudije kwenye huduma?

Mchungaji wa Maweni

Bwana Yesu asifiwe, ndugu na dada. Mimi ni mchungaji wa kanisa dogo hapa Malindi, upande wa Maweni. Miezi minne iliyopita nilipandikizwa figo niliyopewa na mdogo wangu wa kiume, baada ya miaka miwili na nusu ya kusafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Figo inafanya kazi, vipimo vya kreatinini, yaani taka ya damu inayoonyesha jinsi figo inavyochuja, vinaridhisha, na mdogo wangu amerudi kwenye kazi yake ya useremala. Kwa hayo namshukuru Mungu kila ninapoamka, maana kuna wakati nilikuwa nimekwisha kuwaaga watoto wangu moyoni.

Linalonisumbua ni huduma. Kwa miaka 19 nimechunga kwa mikono: kuwashika waumini mkono mlangoni, kuwawekea wagonjwa mikono, kuwapakata watoto wachanga wakati wa kuwabariki, kuwainua watu kutoka majini siku ya ubatizo. Sasa daktari amenitaka niepuke msongamano, nivae barakoa, nisimkaribie anayekohoa, na nimeze dawa za kushusha kinga saa mbili asubuhi na saa mbili usiku bila kukosa. Wazee wa kanisa wamenivumilia sana. Lakini Jumapili iliyopita, nilipokuwa nimekaa nje chini ya mwembe nikifuatilia ibada kupitia dirishani, mama mmoja ninayemheshimu alinijia akaniuliza kwa upole iwapo Mungu aliyenitoa mautini anashindwa kunikinga na mafua. Sikupata la kumjibu. Nilirudi nyumbani, nikavua barakoa, nikaiweka mezani kando ya kile kikasha cha vidonge chenye vyumba 14, nikavitazama vyote viwili kwa muda mrefu, na nikajiona kama mtu anayehubiri hili na kuishi lile.

Mwisho wa mwezi tuna mfungo wa siku tatu unaomalizika kwa kesha, na ni mimi ambaye huongoza yote mawili. Naomba wenye uzoefu waniambie kama kujitenga huku ni hekima, au ni woga niliouvika joho la hekima. Na mchungaji asiyeweza kuwagusa watu wake huwachunga kwa njia gani?

Muuguzi wa Kilifi

Shikamoo, Mchungaji. Nimewauguza wagonjwa wa figo kwa miaka mingi, nami ni Mkristo, kwa hiyo uniruhusu nianze na mwili.

Kinga ya mwili wako haijui kwamba figo hiyo imetoka kwa ndugu anayekupenda. Inaiona kuwa ni mvamizi, na ikipata nafasi itaishambulia hata kama imekaa miaka. Takrolimusi na dawa zinazoandamana nayo huifunga kinga hiyo mikono ili figo ipate kuishi, lakini mikono iliyofungwa ndiyo ile ile ambayo ingepambana na kifua kikuu, nimonia na mafua. Miezi sita ya mwanzo ina hatari kubwa kuliko inayofuata, kwa kuwa kipimo cha dawa huwa bado kiko juu. Baadaye madaktari hukipunguza kidogo kidogo. Mwambie mama yule kwamba mlinzi wa nyumba yako amelazwa usingizi kwa makusudi ili mgeni apate kukaa, na mwenye nyumba ambaye mlinzi wake amelala hana budi kufunga mlango mwenyewe.

Kuhusu mfungo, tafadhali usifunge maji. Figo iliyopandikizwa huumia upesi mwili unapokauka, na joto letu la pwani unalijua. Fuata kiasi cha maji ulichopangiwa na kliniki yako. Saa za dawa hazisogezwi kwa ajili ya kesha. Niliwahi kumpokea mtu aliyeacha vidonge kwa siku tisa akiwa katika maombi, na alipofika kwetu miguu ilikuwa imevimba na mwili ulikuwa umekwisha kuikataa figo aliyopewa na mkewe. Alirudishwa kwenye mashine. Sisi wa kaunti hii tunapaswa kulisema jambo hili bila kumung'unya maneno, maana mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, ya watu waliofundishwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kumwona Yesu.

Mengine nitayapitia haraka. Waumini watakuletea mitishamba kwa upendo. Pokea, shukuru, usinywe kabla ya kumwuliza daktari. Diklofenaki na ibuprofeni za dukani huiumiza figo, na balungi hupandisha takrolimusi katika damu kupita kiasi. Siku ya kliniki usimeze kidonge cha asubuhi kabla ya kutolewa damu; kibebe mfukoni ukimeze baadaye, la sivyo kipimo hakitasema kweli. Ukipata homa ya nyuzi 38, nenda hospitali siku ile ile, hata kama ni Jumapili na wewe ndiye mhubiri.

Dada wa Watamu

Mchungaji, mimi nitasema kwa niaba ya mdogo wako, kwa sababu nilimpa dada yangu figo miaka sita iliyopita.

Dada yangu anaishi Mambrui. Mwaka wa kwanza wote, kila ilipofika saa mbili usiku, nilimtumia ujumbe wa neno moja, “Umekunywa?”, naye alijibu “Nimekunywa.” Hatukuandikiana zaidi ya hapo. Siku moja aliniambia, kama jambo dogo tu, kwamba alikosa dawa mara mbili kwa sababu ya semina ya akina mama kanisani. Nilikata simu nikalia, na hata mume wangu sikuweza kumweleza nilichokuwa nalilia. Sikumpa figo ili anitii, wala sitaki anishukuru kila tunapoonana. Lakini nilipandishwa kwenye kile kitanda nikiwa mzima, sina hata kikohozi, nikakatwa, na nilifanya hivyo kwa kuamini kwamba ataitunza figo yangu.

Kwa hiyo mimi neno “woga” silioni hapa. Hiyo figo ni amana, na sisi watu wa pwani tunajua uzito wa amana. Mwenye amana hatembei nayo kwenye msongamano ili aonyeshe kwamba haogopi wezi.

Nilipokuwa nikijiandaa, daktari alinisimulia habari za ndugu wawili mapacha wa Marekani, Ronald na Richard Herrick. Tarehe 23 Desemba 1954, daktari mpasuaji Joseph Murray na wenzake mjini Boston walitoa figo ya Ronald wakaipandikiza kwa Richard, na huo ndio ukawa upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa kwa muda mrefu. Richard aliishi miaka minane zaidi, akaoa muuguzi aliyemhudumia. Ronald mwenyewe aliishi na figo moja hadi mwaka 2010. Habari hiyo ilinipa nguvu ya kutia sahihi.

Katekista Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, na Mchungaji atanisamehe nikisema kwa namna ya kwetu.

Kwanza, dada muuguzi, naomba mama yule tusimweke katika kundi la Shakahola. Hakumwambia Mchungaji aache dawa. Alimwona mchungaji wake amekaa nje kama mgeni, na moyo ukamuuma. Swali lake lilikuwa la mtu aliyemkosa baba yake, na linajibiwa kwa kuketi naye, pengine zaidi ya mara moja.

Pili, Mchungaji, umezoea kumsoma Paulo kama mponyaji, lakini Paulo huyo huyo alimwacha Trofimo mgonjwa kule Mileto, akamshauri Timotheo anywe mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na kwa Wafilipi aliandika kwamba Epafrodito aliugua karibu na kufa, tena akawaagiza wampokee kwa heshima. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeambiwa kwamba imani yake ni haba. Papa Yohane Paulo II, alipozungumza na wataalamu wa upandikizaji mjini Roma tarehe 29 Agosti 2000, aliusifu utoaji wa kiungo kuwa ni tendo halisi la upendo. Kama kutoa ni upendo, kutunza ulichopewa hakuwezi kuwa ukosefu wa imani.

Tatu, uliuliza unachunga kwa njia gani. Mtazame Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, aliyemzika mkewe na binti yake mchanga Mombasa mwaka 1844. Afya ilipomvunjika alirudi Ujerumani katika miaka ya 1850, na kule, mbali na watu aliotaka kuwahubiria, aliendelea kuishughulikia lugha yetu. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Wewe hujaenda mbali hivyo. Una mwembe, una kiti, una simu. Mpokee mtu mmoja mmoja nje, penye upepo, asubuhi kabla ya jua kali, kwa kuwa nasikia dawa hizo huifanya ngozi idhurike na jua kwa urahisi. Wafundishe wazee kubatiza wakati wewe umesimama mchangani. Na kabla ya yote hayo, waache wakuombee wewe, kama Yakobo alivyoagiza wazee wamfanyie aliye mgonjwa. Nadhani hilo ndilo gumu kwako kuliko barakoa.

Mchungaji wa Maweni

Ndugu zangu, nimesoma yote mara mbili, na Katekista amenigusa penye donda. Tangu nipasuliwe sijamruhusu mtu yeyote aniombee mbele ya kanisa. Nilikuwa nikisema kwamba wapo wanaohitaji zaidi.

Nimekutana na wazee chini ya mwembe. Mfungo utaongozwa na mzee wetu wa vijana. Kesha nitalifungua saa kumi na mbili jioni, nje, kwa neno fupi, kisha niwahi nyumbani kabla ya saa mbili. Mama yule nilimtembelea, tukaketi barazani, nikamweleza habari za mlinzi aliyelazwa usingizi. Hakukubaliana nami katika yote, lakini alisogeza kiti chake nyuma kidogo bila kuambiwa.

Dada wa Watamu, baada ya kusoma maneno yako nilimpigia mdogo wangu nikamwuliza kama naye huhesabu saa. Alinyamaza, kisha akasema kwamba tangu siku tulipotoka hospitali, simu yake humlilia saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, naye husimamisha randa mpaka imalize kulia.