Hadithi fupi zinalipa, au mpaka ufundishe?

mwl_kalamu: Habari wakuu. Mimi ni ticha wa Kiswahili sekondari, naandika hadithi fupi, chache zimetoka ila hela hamna. Nikisoma wasifu wa waandishi wa Marekani karibu wote wanafundisha uandishi chuo fulani. Wanafundisha coz wametoboa au coz hadithi hazilipi? Na wanaandika saa ngapi, maana mimi nikimaliza rundo la insha za kidato cha pili kichwa kimeshachemka.

Chogo wa Magomeni: Hazilipi mkuu, tuanzie hapo. Mcheki George Saunders, mwandishi wa hadithi fupi wa Marekani, jamaa kasomea uinjinia wa jiofizikia Colorado, akaenda Sumatra kwenye mambo ya kutafuta mafuta, akarudi akapiga vibarua mpaka vya kuezeka mapaa, ndo akasomea uandishi chuo cha Syracuse akamaliza 1988. Unadhani walimpa darasa? Wapi! Akaajiriwa kampuni moja Rochester kuandika ripoti za kiufundi, ana mke na mabinti wawili, hadithi anaziandika kwa kuibia ibia muda wa bosi miaka kama 7 hivi. Kitabu cha kwanza 1996 ana miaka 37, mwaka uliofuata akaanza kufundisha Syracuse. Riwaya ya kwanza 2017, ikabeba tuzo ya Booker. Kwa hiyo ualimu alipewa kwa sababu ya hadithi, we umeanzia upande wa pili tu.

msomaji_wa_matatu: Na darasa pia limemfaa. Amefundisha hadithi za Warusi kina Chekhov, Tolstoy, Turgenev na Gogol miaka mingi, 2021 akatoa kitabu kutokana na hayo masomo. Lakini tusidanganyane, Syracuse wanachukua wanafunzi 6 wa hadithi kwa mwaka, sasa na wewe?? Huku kwetu angalia Makena Onjerika, Mkenya, amesomea uandishi New York, akashinda tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Waafrika 2018, na hapa Nairobi akaanzisha warsha yake mwenyewe ya kufundisha watu kuandika hadithi, hakungoja chuo kimwite.

mwl_kalamu: SITA? Mimi mkondo mmoja tu sabini na kitu 😂 Afu Caine si ni ya Kiingereza, mimi naandika Kiswahili.

BiMkubwa_Tanga: Caine tafsiri wanapokea mwanangu, pauni 10,000 si haba, ila lazima iwe imeshachapishwa. Kwa Kiswahili peleka mswada Tuzo ya Safal, ile iliyokuwa Mabati-Cornell, mkusanyiko wa hadithi fupi wanachukua. Nimefundisha fasihi miaka mingi nikwambie kinachokuchosha: insha za "ilikuwa siku ya Jumamosi, jua la utosi" na methali tatu za kupamba, ukizisoma sabini hata Shaaban Robert angetupa kalamu. Na vyuoni tunafundisha fani na maudhui, kuchambua, kuandika kwenyewe hamna anayekuonyesha. Wape waandike mazungumzo ya watu wawili wanaogombania kitu, nusu ukurasa basi, na wewe uandike nao palepale. Utasahihisha haraka na wiki ikiisha una chako mkononi.

mwl_kalamu: Hii ya nusu ukurasa naianza Jumatatu bi mkubwa, ila mkuu wa idara anataka insha za mtihani.

BiMkubwa_Tanga: Mwambie ni mazoezi ya insha ya mazungumzo. Si uongo.

Chogo wa Magomeni: 😂😂 Bi mkubwa noma. Ukiandika tupia humu tusome.