Yule jamaa wa meza ya kona KALAMBA KIDOLE akashika kadi ya watu!

Kona Nne:
Wakuu, leo sina salamu. Yule jamaa wa meza ya kona, mnamjua wote, simtaji, kalamba kidole. Ulimi nje kabisa, kama anahesabu noti za mnadani, halafu akapekua kadi ya Pokémon, Charizard 4/102 ya Base Set, seti ya kwanza ya Kiingereza, ya 1999. Dole limetua juu ya mng'ao, ile picha inayometa! Mate yale yanatosha kumwagilia mpunga Kilombero nzima. Kuambiwa, anajibu: "Kadi ya zamani haishuki bei."

Haishuki? Kadi ya Michael Jordan wa kikapu, ya kampuni ya Fleer ya 1986, namba 57, gredi 10, yaani ya juu kabisa, ya PSA, wale wapima ubora wa kadi, iliuzwa dola 738,000 mwishoni mwa Januari 2021. Kufika 2022, kadi ileile, gredi ileile, inatoka kwa takriban dola 200,000. Umri umeongezeka, bei imeporomoka. Gredi 10 za kadi hiyo zipo zaidi ya 300. Bei ikipaa, kila aliyeificha anaitoa kabatini, na mnunuzi mwenye pesa za kufungiwa ndani wakati wa korona keshaondoka. Gredi 9 ndiyo usiseme, hupata kama sehemu ya kumi ya 10.

Na tofauti ya 10 na 9 ni vitu vya kidole hivyohivyo! Karatasi ikinyonya maji inatanuka, ile tabaka ya mng'ao haitanuki, kadi inajikunja. Mate yakikauka yanaacha doa, inamisha kadi chini ya taa utaliona. KALAMBA KIDOLE, wakuu. Apigwe marufuku kushika chochote kisicho na plastiki.

Bi Mng'ao:
Pole, ila mwenye kadi naye alilala. Charizard inakaaje uchi? Kifuko laini cha ndani mdomo uangalie chini, cha pili mdomo juu, ndipo plastiki ngumu. Ukipeleka PSA usitumie ile ngumu, wanataka Card Saver 1, kifuko cha plastiki inayopinda kidogo, maana kuchomoa kadi kwenye ngumu ndiko kunakovunja kona. Unalia mate wakati kifuko ni senti.

Mtoto wa Pakiti:
Mate tu? Kuna yule mwingine, naye mnamjua, ana mizani ya sonara. Pakiti za Base Set zenye kadi ya mng'ao huwa nzito kidogo, basi anapima boksi zima, nzito anaficha, nyepesi anakuuzia "bahati nasibu". Pakiti ya zamani iliyotoka kwenye boksi lililofunguliwa, ihesabu kuwa imeshapimwa. Huyo ndiye wa kufunguliwa uzi.

Kona Nne:
Turudi kwenye mada. Kalamba kidole HADHARANI.

Lotus Mweusi:
Mleta mada umeshikilia kidole kama hirizi. Sisi wa Magic, ule mchezo wa kadi, bei inauawa bila mtu kugusa kadi. Tarehe 23 Septemba 2024 walipiga marufuku kadi za Mana Crypt na Jeweled Lotus kwenye Commander, mtindo mmoja wa kucheza Magic, na siku hiyohiyo bei ikaanguka. Kadi safi, kona kali, Commander haichezwi tena. Na kabla ya hapo, 1995, walichapa Chronicles, seti ya kurudia kadi za nyuma, kadi za zamani zikamwagika sokoni, wakusanyaji wakawaka hadi 1996 ikawekwa Reserved List, orodha ya kadi zisizochapwa tena. Mwenye kiwanda ana nguvu kuliko mate ya mtu yeyote.

Fundi Darubini:
Hapo kwenye kiwanda naunga mkono. Wanaosema "zamani" wakatazame besiboli ya 1989. Ken Griffey Jr. ya Upper Deck, kadi namba 1, ina gredi 10 zaidi ya 4,000. Zilichapwa kama magazeti, kila mtu akatunza, hakuna uhaba. Mickey Mantle ya Topps ya 1952 ilifika dola milioni 12.6 mwaka 2022 kwa sababu ni adimu, inasimuliwa maboksi yaliyobaki yalitupwa baharini.

Halafu kuna mtu hapa anauza Charizard ya "toleo la kwanza" yenye kivuli upande wa kulia wa fremu ya picha. Charizard ya Base Set ya toleo la kwanza la Kiingereza haina kivuli hicho. Muhuri wa toleo la kwanza umegongwa chumbani!

Mtoto wa Pakiti:
Ni yuleyule wa mizani.

Kisauni 63x88:
Nyie mnaokaa kwenye baridi mna raha. Mombasa hewa yenyewe ndiyo mate. Mng'ao unajikunja ndani ya albamu bila kuguswa. Boksi lenye mpira kwenye kifuniko, vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, vile vya kwenye boksi za viatu, kipimo cha unyevu ndani, ushikilie asilimia 40 hadi 50. Na wauza viatu wamegundua tunavitaka vile vifuko, sasa wanatuuzia vilivyokwisha nguvu!

Bi Mng'ao:
Nunua zile punje za silika za rangi ya chungwa. Zikigeuka kijani zimeshiba, zianike kwenye joko la moto mdogo zirudi.

Kona Nne:
Wakuu, kidole...

Kisauni 63x88:
Joko digrii ngapi, dada? Na karatasi yake isiungue?

Bi Mng'ao:
Zimwage kwenye sinia, kifuko weka pembeni. Nyuzi 110 hadi 120, kwa muda wa saa mbili.