Mlio kwenye baridi, tupeane uzoefu: mnapunguzaje gharama za kupasha nyumba?

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Leicester, Uingereza, huu msimu wangu wa nne wa baridi. Mwaka wa kwanza radieta (yale mabati ya ukutani yanayopitisha maji ya moto kupasha chumba) zilikuwa zinawaka kutwa nzima huku dirisha la jikoni nimeliacha wazi kidogo, mazoea ya Tanga, eti hewa izunguke. Gesi yetu ni ya kulipia kabla, kama LUKU. Naweka pauni 20 Ijumaa, Jumatatu mita inalia.

Aliyeniokoa ni fundi aliyekuja kukagua boila, ile mashine ya gesi inayochemsha maji ya radieta. Akaniuliza maji yanayokwenda kwenye radieta nimeyaweka nyuzi ngapi. Mimi nilijua kile kidude cha ukutani cha kuchagua joto la chumba tu! Kumbe boila yenyewe ina kitufe chake, nayo ilikuwa 75. Akaishusha hadi 55. Akanieleza kwamba boila za siku hizi zinanyonya joto hata kwenye mvuke wa moshi wake, lakini maji yakirudi bado ya moto sana zinashindwa, joto linapotelea nje kupitia bomba la moshi. Sasa radieta haziunguzi mkono, nyumba inachelewa kupata joto, kwa hiyo nawasha mapema kidogo. Pamoja na kulifunga lile dirisha, pauni 20 zinanifikisha Jumatano. Wenye tangi la maji ya moto msiguse kabla ya kumuuliza fundi, maana tangi lazima lifike nyuzi 60 kuua bakteria.

Haya, leteni zenu.

Mdau, Minneapolis: Dada, huku hasi 20 haimshangazi mtu. Mimi nanunua ile nailoni ya madirisha, nabandika kwenye fremu kwa gundi yake, napuliza na draya ya nywele mpaka inakaza kama ngoma. Mapazia yameacha kucheza usiku. Na ukielemewa na bili, usijifiche: hapa Minnesota kuna sheria ya kuzuia kukatiwa joto kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili, ila lazima uwapigie kampuni ya gesi au umeme mkubaliane namna ya kulipa. Mimi nilikaa kimya kwa aibu, nikajuta.

Mdau, Dar: Huku feni inazunguka hadi inaomba poo, nyie mnanunua joto 😂

Mdau, Njombe: Wewe wa Dar njoo Julai tukuone. Sisi nyumba hatupashi, tunapasha maji. Shawa ya umeme ya kilowati 5.5, dakika kumi tu inakula karibu uniti nzima. Ndoo ya lita 20 kwa hita ya kutumbukiza ni kama uniti 0.6, na ndoo hiyo wanangu wawili wanaoga. Shawa nimewaachia wageni. Ila jamani, jiko la mkaa chumbani usiku HAPANA. Jirani yetu alitolewa amezimia, na mlango alikuwa ameuziba na khanga ili baridi isiingie.

Mdau, Coventry: Nyongeza kwa wenye mita za kulipia kabla. Kiangazi nilienda Mombasa miezi miwili, gesi sijawasha hata siku moja. Kurudi, naweka pauni 20, mita ikalamba zote papo hapo. Tozo ya kila siku ilikuwa inajilimbikiza nikiwa kwetu nakula mahamri. Siku hizi naacha salio kabla ya kusafiri.