Vifurushi vya Marekani vilikwamia wapi?

muuza_vikoi: Wadau, kwa nini Agosti 2025 posta nyingi zilikataa vifurushi vya kwenda Marekani, lakini barua zikapita?

karani_wa_mizigo: Msamaha wa ushuru wa Marekani kwa mzigo usiozidi dola 800 ulifutwa tarehe 29. Ushuru ukawa ulipwe na msafirishaji au wakala aliyeidhinishwa na forodha ya Marekani. Posta zisizo na mpango huo zikasimamisha huduma. Barua na nyaraka hazitozwi ushuru.

forodhani: Zawadi halisi ya hadi dola 100 ilisamehewa. Ila kuandika "zawadi" tu kwenye CN22, ile fomu ya forodha ya kueleza kilichomo kwenye kifurushi, ni kujitafutia balaa. Andika: "vikoi 2, pamba, vimetengenezwa Kenya", uzito na thamani.

karani_wa_mizigo: Na uliza kaunta kabla hujafunga boksi.