Naomba ushauri: Narnia ianzwe na kitabu kipi?
Wadau, matoleo ya sasa ya Narnia, ule mfululizo wa riwaya 7 za watoto za C. S. Lewis, yanakipa The Magician's Nephew namba 1, ingawa kilitoka 1955, cha sita kati ya 7. Kilichotoka kwanza kabisa ni The Lion, the Witch and the Wardrobe, 1950.

Ukifuata namba za jaladani, unaelezwa mapema asili ya kabati la kuingilia Narnia na ya ile nguzo ya taa msituni, na Aslan, yule simba, unamjua kabla hajatambulishwa. Fumbo lote linakufa! Mimi naanzisha wageni na cha 1950, kisha Prince Caspian.

Ninapokwama ni The Horse and His Boy: kilitoka 1954, ila visa vyake ni vya enzi ya wale watoto wanne wa kitabu cha 1950 walipotawala Narnia. Kwa msomaji wa miaka 9, kifuate cha 1950 moja kwa moja, au kingoje zamu yake ya tano?