Mrejesho: fundi wa Kibuye niliyeuliza kuhusu wateja wa mtandaoni

Habarini wadau, ni mimi yule fundi wa nguo wa hapa Kibuye, Kisumu, niliuliza mbona nikiposti magauni kwa ukurasa wangu hata wafuasi hawayaoni na simu imenyamaza. Asanteni sana, nilisoma kila jibu.

Mbinu iliyosaidia zaidi ni ya Google Maps. Huko nilikuwa nimeandika biashara yangu kama duka tu, dada mmoja hapa akasema niweke kazi yenyewe, nikabadilisha ikawa fundi wa nguo, nikaongeza saa za kufungua na picha ya mlango vile unauona ukitoka barabarani, halafu kila mteja akichukua nguo namuomba aandike maoni, wengine wanaandika wakiwa wamesimama hapo kando ya cherehani. Wiki ya tatu mama wa Milimani akapiga, amesachi fundi wa karibu, akaleta sare 4 za watoto. Nilifurahi jamani!

Video fupi ni nusu nusu. Ile ya kitenge kikikatwa mpaka gauni linavaliwa ilitazamwa sana lakini na watu wa mbali, Mombasa huko, oda nikapata 2 tu. Tangazo la kulipia lilinishinda, shilingi 1,000 iliisha bila simu hata moja, nadhani ni vile nilichagua Kenya nzima badala ya Kisumu.

Kaka uliyesema nisevu namba za wateja na wao wasevu yangu ndio waone stetasi ya WhatsApp, Mungu akubariki, naweka kila asubuhi na wa zamani wameanza kurudi.